Ufunguo Usizikwe Pamoja na Mwenye Nyumba



Siku moja, kisha ibada ya yenga, mama mumoja wa kanisa letu alinikuta ofisini. Ilikuwa miezi miwili tangu tulipomuzika bwana yake. Yule baba alikuwa anauzisha mawe ya shaba na kobalti, akakufa katika ajali ya kamyo. Telefone yake ilivunjika siku ileile. Mama akaweka karatasi ndogo juu ya meza. Kulikuwa mustari mumoja tu wa herufi na namba, umeandikwa na mukono wa marehemu.

Mutoto wao wa kwanza anasoma inivesite. Aliandika ule mustari katika intaneti, na feza ya baba ikaonekana: Bitcoin ya kutosha kulipa masomo ya watoto wane mupaka mwisho. Mama akaniuliza: "Pasta, ile feza tunaiona na macho. Juu ya nini hatuwezi kuikamata?"

Nilikawia kujibu, kwa sababu nilijua jambo ambalo yeye hakulijua. Mwaka mumoja mbele ya ajali, bwana yake alikuja kwangu na bahasha. Akasema: "Pasta, unichungie hii. Ni maneno 12." Nilikataa. Nikamuambia kwamba siri ya feza ya mutu haifai kukaa kwa muchungaji. Hata leo naona kwamba kukataa kulikuwa vizuri. Lakini kulikuwa ulizo moja nililopaswa kumuuliza, na sikumuuliza: "Mama anajua?" Akaenda na bahasha yake. Hakuna mutu aliyeiona tena.

Ndiyo sababu ninaandika habari hii. Sitaki mujane mwingine akuje kuketi kwenye kiti kile na karatasi ya namna ile.

KRIPTO NI KITU GANI?

Wazee wetu wanakumbuka Noeli ya mwaka 1979, wakati serikali ya Zaïre ilikataza noti za zaïre 5 na 10. Wengi waliochunga feza ndani ya matela walibaki na karatasi tu. Watu wa umri wangu wanakumbuka mwaka 1998, wakati franga ya Kongo iliingia pahali pa zaïre mupya. Basi tusishangae kama vijana wanatafuta feza ingine.

Mwaka 2008 mutu anayejiita Satoshi Nakamoto alieleza namna ya kutengeneza feza isiyo na banki wala serikali. Ndiyo Bitcoin, iliyoanza kutumika mwaka 2009. Fikiri juu ya kitabu cha likelemba, kile kinachoandikwa nani alitoa na nani alipokea. Bitcoin ni kitabu cha namna ile, lakini kimenakiliwa katika maelfu ya ordinatere katika dunia yote, na kila mutu anaweza kukisoma. Ordinatere zinazofanya hesabu za kuandika kurasa mupya zinapata Bitcoin mupya. Kazi hiyo wanaiita kuchimba. Hata hapa inchini iko: mwaka 2020 Parc ya Virunga ilianza kuchimba Bitcoin kule Luviro, kwa umeme wa maji.

Sasa sikiliza vizuri. Feza yenyewe haiko ndani ya telefone. Iko imeandikwa katika kile kitabu kikubwa. Telefone inachunga ufunguo tu. Mustari ambao mama aliniletea ni kama namba yako ya M-Pesa: unaweza kuupatia kila mutu, naye ataweza kukutumia feza na kuona kiasi ulicho nacho. Lakini kuitosha feza kunaomba ufunguo wa siri. Na ufunguo ule unazaliwa na maneno 12, ao 24, yaliyochaguliwa katika liste ya maneno 2,048. Siku unapofungua mufuko wa kripto, telefone inakuonyesha yale maneno na kukuomba uyaandike.

Telefone ikiibwa ao ikianguka katika maji, unanunua ingine, unaandika maneno yako kwa mupango uleule, na feza inarudi. Lakini maneno yakipotea pamoja na telefone, feza itabaki katika kitabu bila mutu wa kuigusa. Ukisahau kode ya M-Pesa ao Airtel Money, unaenda ofisini na karti ya mupiga kura, watakusaidia. Hapa hakuna ofisi. Hakuna mukubwa wa kulalamikia.

HATARI YA KWANZA: KINYWA

Kijana mumoja wa kwaya yetu alikuwa na shida katika telefone yake. Akauliza musaada katika kundi moja la WhatsApp. Kisha dakika chache mutu akamuandikia kwa upole: "Ndugu, mimi ni ajenti. Unitumie maneno yako 12, nitatengeneza." Kijana akatuma. Mbele ya jua kuzama, mufuko wake ulikuwa mutupu. Feza ya kripto ikiisha kutumwa, hairudishwe.

Tusome Waamuzi 16. Delila hakuvunja mulango wa Samsoni. Aliuliza tu. Mara tatu Samsoni alimudanganya, lakini Delila aliendelea kumusumbua kila siku mupaka akafungua moyo wake wote. Wezi wa leo wanafanya vilevile. Mumoja anajiita ajenti, mwingine anatuma ukurasa unaofanana na ule wa kweli, mwingine anasema umeshinda zawadi. Basi shika sheria hii: mutu yeyote anayekuomba maneno yako ni mwizi. Kampani ya kweli haiyaombi. Na ukisikia mutu akisema, "Pasta alinituma niyachukue," ujue ni mwongo. Mimi muchungaji wako siyataki.

Usiyapige picha. Usiyaandike katika WhatsApp wala katika barua ya intaneti. Picha za telefone mara nyingi zinajipeleka zenyewe katika mashini za mbali, na anayeingia kule anaiba nyumba yako bila kuvuka kizingiti. Tena usijisifu kwamba uko na kripto. Mufalme Hezekia aliwaonyesha wageni wa Babeli hazina yake yote (2 Wafalme 20), na nabii akamuambia kwamba siku moja vyote vitapelekwa kulekule Babeli.

HATARI YA PILI: KABURI

Wengi wanaogopa mwizi tu, wanasahau hatari hii. Katika muji wa Newport, inchi ya Wales, mwanaume mumoja anayeitwa James Howells alikuwa na ufunguo wa Bitcoin karibu 8,000 ndani ya kipande cha ordinatere. Mwaka 2013 kile kipande kilitupwa na takataka. Miaka mingi aliomba ruhusa ya kuchimba jalala la muji. Mwezi wa kwanza mwaka 2025 muamuzi alikataa mashitaka yake. Hakuna mwizi aliyemuibia. Kitu kilitupwa tu.

Wengine wanasema: basi nitaacha feza yangu kwa kampani, wao wachunge ufunguo. Ujue kwamba wakati ule ufunguo ni wao, si wako. Mt. Gox ya Japani ilianguka mwaka 2014, na FTX ikaanguka mwaka 2022. Kule Kanada, mukubwa wa kampani QuadrigaCX alikufa mwaka 2018, na watu wakaambiwa kwamba yeye peke yake alijua maneno ya siri. Lakini mwaka 2020 wachunguzi wa serikali walionyesha kwamba sehemu kubwa ya feza alikuwa ameisha kuipoteza yeye mwenyewe, na watu zaidi ya 76,000 waliumia. Mutu anayesema "ni mimi tu ninajua" anaweza kuwa anaficha jambo. Inafaa hata baba wa nyumba ajipime kwa neno hilo.

YEREMIA ANATUFUNDISHA KUCHUNGA

Yeremia 32 inaeleza namna nabii alinunua shamba kwa shekeli 17 za feza, wakati Yerusalema ilikuwa imezungukwa na vita. Angalia alichofanya. Aliandika barua mbili, moja imefungwa na muhuri, ingine wazi. Aliita washuhuda. Halafu akaagiza Baruku azitie katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Na sisi tufanye hivi:

1. Andika maneno kwa mukono, juu ya karatasi, kwa kalamu isiyofutika na maji. Tia namba 1 mupaka 12, kwa sababu mupango ukibadilika mulango haufunguke. Kama ni maneno ya Kiingereza ao Kifaransa, usiyatafsiri. Yaandike vile yalivyo, herufi kwa herufi.

2. Jaribu ufunguo mbele ya kuweka feza nyingi. Tia feza kidogo, futa mufuko katika telefone, kisha uurudishe kwa maneno yako. Kama inarudi, uliandika vizuri.

3. Uwe na nakala mbili katika pahali mbili. Moto ao mvua moja isimalize zote. Muchwa wa kwetu unakula hata Biblia. Muzazi mumoja alinunua kibamba cha chuma kisichoshika kutu, akapiga herufi mwenyewe kwa nyundo. Nyundo na chuma katika miji yetu ya mine hazikosekane.

4. Muke na bwana wajue wote wawili pahali zilipo.

Ninajua kwamba hii ya ine ndiyo nguvu. Wanaume wengi wanasema: "Nikimuambia muke, ukoo wake watajua." Wanawake wanasema: "Kama bwana akikufa, ndugu zake watakuja kubeba hata sufuria." Tumeona hayo katika matanga, tusikatae. Lakini ndiyo sababu muke ajue mbele. Ukoo wote hauna lazima ya kujua. Katika barua yako ya urisi usiandike maneno yenyewe, kwa sababu barua ile itasomwa mbele ya watu. Sema tu kwamba iko kitu, na kwamba muke wako anajua pahali. Kama hauyaoe, chagua mutu mumoja uliyemupima miaka mingi, muzazi ao ndugu. Na kama mume na muke hawawezi kuaminiana kwa maneno 12, shida yao si kripto. Wakuje tuombe pamoja.

NENO KWA VIJANA

Siandike hapa ili mukimbilie kununua. Bei ya Bitcoin inapanda na kushuka sana. Feza ya chakula na ya masomo isiingie mule. Na anayekuahidia faida kubwa kila mwezi, ukumbuke Bindo ya Kinshasa mwaka 1991, namna watu walilia. Lakini kama umeisha kuwa nayo, uichunge kama mutu mwenye akili.

Kule Sanga, pembeni ya ziwa Kisale, wataalamu walichimba makaburi ya zamani katika miaka ya 1950. Walikuta wafu wamezikwa na misalaba midogo ya shaba, iliyokuwa feza ya wazee wetu. Ile feza ya kaburini, angalau jembe liliweza kuifikia. Feza ambayo ufunguo wake umezikwa katika kichwa cha mutu, hakuna jembe litakaloifikia.

Mama wa kanisa letu sasa anauzisha mikate sokoni, na mutoto wa kwanza alisimamisha masomo mwaka moja. Ananiambia kwamba mara kwa mara anafungua intaneti kuangalia mustari wa baba yake. Feza ingali pale. Haipunguke hata kidogo.

Baba, leo magaribi, mbele ya kulala, zungumuza na mama.

Maswali ya kuzungumuza nyumbani:
– Kama mumoja wetu akikufa usiku huu, mwenzake atajua nini juu ya feza, madeni na karatasi za nyumba?
– Samsoni alikosa wapi: kuwa na siri, ao kuchagua mutu wa kumuambia?
– Karatasi gani katika nyumba yetu haziko na nakala ya pili?