Mahindi yana cheti cha asili, mtoto ana nini mkononi?

KAMPALA. Mfanyabiashara anayevusha mahindi au maharage kupitia Busia, Malaba au Mutukula anajua kwamba mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 una njia yake nyepesi. Bidhaa ikiwa imezalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na imo kwenye orodha inayokubalika, hujaza cheti rahisi cha asili pale pale mpakani, forodha wanagonga muhuri, naye anapita bila kulipa ushuru wa forodha.

Mwaka atakaotaka kumvusha mtoto kwenda chuo kikuu kupitia mpaka huo huo, njia hiyo nyepesi hataikuta. Cheti cha sekondari cha nchi moja hakipokelewi hivi hivi katika nchi nyingine. Lazima kwanza kilinganishwe, yaani mamlaka ya nchi mwenyeji iseme kwa maandishi kwamba alama hizi za kwenu ni sawa na alama hizi za kwetu. Wazazi wengi hulijua hilo wakiwa tayari wamelipa ada.

Kwa mzazi aliyefikia kwa ndugu Naguru, shughuli hii haiko mbali. Chini ya kilima, upande wa Barabara ya Jinja, liko soko la Nakawa, ambalo wachuuzi wengi wa mipakani wanalijua, na jirani yake Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Makerere. Upande wa pili, Ntinda, ipo Bodi ya Taifa ya Mitihani ya Uganda, UNEB. Kyambogo lipo Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, na katika barabara hiyo hiyo ya Kigobe yapo makao ya Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, IUCEA. Kote huko ni mwendo mfupi wa bodaboda. Kinachowaponza wazazi ni kutojua waanzie wapi.

Waanzie UNEB. Bodi hiyo ndiyo inayolinganisha vyeti vya sekondari vya nje na vile vya Uganda. Kenya kazi hiyo hufanywa na KNEC, na Tanzania hufanywa na NECTA. Barua ya ulinganifu ikishapatikana, ndipo chuo kinaweza kupima kama mwombaji ana sifa za kozi anayoitaka.

Chukua mfano wa mama wa Bukoba ambaye mwanawe amemaliza kidato cha sita. Mfumo aliosoma kijana huyo unafanana na wa Uganda: miaka saba ya msingi, minne ya sekondari na miwili ya juu. Tatizo lake ni muda. Mtihani wa Tanzania hufanyika Mei na matokeo hutoka Julai, na vyuo vya umma vya Uganda huanza mwaka wa masomo Agosti. Ana wiki chache tu za kulinganisha cheti, kuomba nafasi na kutafuta mahali pa kulala. Mzazi huyo anakumbushwa pia kwamba Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hutoa hati ya kutokuwa na pingamizi kwa Mtanzania anayekwenda kusoma nje. Aishughulikie kabla mtoto hajavuka Mutukula.

Kwa Mkenya, muda si tatizo kubwa. Shida yake ni miaka ya shule. Mfumo wa 8-4-4, ambao mtihani wake wa mwisho wa KCSE ni wa 2027, hauna kidato cha tano wala cha sita. Nyumbani, alama ya wastani ya C+ inamfungulia mlango wa chuo kikuu. Uganda, anayeingia moja kwa moja hutakiwa awe na ufaulu wa masomo mawili makuu ya kidato cha sita. Kwa hiyo mwenye KCSE anaweza kuelekezwa asome kwanza cheti cha elimu ya juu kwa mwaka mmoja. Mwaka huo una ada yake, na mzazi anapaswa kuuweka kwenye hesabu tangu mwanzo.

Mwombaji kutoka Kongo, nchi iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2022, huja na Diplôme d'État iliyoandikwa kwa Kifaransa na yenye alama za asilimia. Inabidi aongeze gharama ya tafsiri rasmi.

Haikuwa hivi daima. Mwaka 1967 liliundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki kwa ajili ya nchi zote tatu. Makerere, Nairobi na Dar es Salaam nazo zilikuwa chuo kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kuanzia 1963 hadi 1970. Kabla ya hapo Julius Nyerere, Mwai Kibaki na Benjamin Mkapa wote walisoma Makerere. Kisha kila nchi ikashika njia yake: Tanzania ilijitoa kwenye baraza la mitihani mwaka 1971, Kenya ikaunda KNEC mwaka 1980, Uganda ikaunda UNEB mwaka 1983. Barua ya ulinganifu anayoitafuta mzazi leo ni tunda la mgawanyiko huo.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama zitambuane vyeti vya elimu na taaluma. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Hata hivyo, kwenye dirisha la udahili, cheti bado kinahitaji barua.

Yapo mambo mengine mawili ya kukagua kabla ya kulipa. La kwanza ni ithibati. Chuo kinaweza kuwa na kibali, lakini kozi yenyewe ikawa haina au muda wake umepita. Mei 2023 ilizuka taharuki Uganda ilipoonekana kwenye orodha ya NCHE kwamba muda wa ithibati wa kozi nyingi, zikiwemo za vyuo vikubwa vya umma, ulikuwa umemalizika. Orodha hiyo iko wazi kwa kila mtu. Mzazi atafute jina la kozi kama lilivyo kwenye barua ya udahili, asiridhike na neno la dalali wa nafasi za masomo.

La pili ni ada. Vyuo vingi vina bei mbili, ya wenyeji na ya wageni, na ya wageni mara nyingi hutajwa kwa dola. Mzazi aulize raia wa Jumuiya anahesabiwa upande upi, na jibu alipate kwa maandishi. Anayeuza kwa shilingi na kulipa kwa dola anajua wenyewe jinsi bei inavyopanda bila kupandishwa.

Mkenya au Mtanzania haombi viza kuingia Uganda, ila akishapata barua ya udahili anatakiwa kuchukua kibali cha mwanafunzi kutoka Idara ya Uhamiaji.

Kuna pia safari ya kurudi. Shahada ya Kampala itatakiwa kutambuliwa nyumbani, na fani nyingine zina bodi zake. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wana mikataba ya kutambuana ndani ya Jumuiya. Anayetaka udaktari wa binadamu au sheria aiulize bodi ya kwao kabla ya kuchagua chuo, kwani ndiyo itakayompa leseni.

Mfanyabiashara hanunui gunia kabla ya kujua kama litapita mpakani na kama litapata mnunuzi upande wa pili. Ada ya miaka mitatu au minne inazidi gunia kwa mbali. Barua ya ulinganifu itangulie, risiti ya benki ifuate.