Iliki ya Kariakoo na Msitu wa Amani



Ndugu waamini, tunaponunua iliki Kariakoo kwa ajili ya chai au pilau ya sikukuu, ni nadra kuufikiria msitu. Hata hivyo, iliki ni zao la kivulini, na kwa miaka mingi imelimwa chini ya miti mikubwa ya milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga. Mkulima huiacha miti mirefu isimame, akafyeka vichaka na miche iliyo chini yake. Kwa anayetazama kutoka mbali, mlima unabaki wa kijani. Lakini mti mzee ukianguka, hakuna mche wa kushika nafasi yake.

Huko Amani, mabadiliko yalianza zamani zaidi. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo, wakapanda mimea ya kigeni ya kila namna. Kati ya miti iliyoletwa milimani humo upo ule ambao Waganda huuita musizi, unaokua upesi na kupenda jua. Katika miaka ya 1970 na 1980 mbao zilivunwa kwa mashine, na mianya mikubwa ikafunguka msituni. Hondohondo, ambao hula matunda ya musizi, wakazisambaza mbegu zake. Palipokuwa na mtambara na msambu, miti ya asili ya milima hiyo, pakaota musizi. Majani yake huoza haraka mno, na udongo wa miteremko hubaki na matandazo haba. Tukumbuke kwamba Mto Zigi, unaowapa maji wakazi wa jiji la Tanga, hutoka katika milima hiyo.

Mwaka 1997 Serikali ilitangaza Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Tangazo huzuia shoka. Haling'oi mti uliokwisha kuota. Lipo tumaini, kwa kuwa miche ya musizi haistawi penye kivuli kizito, na msitu usipoguswa, miti ya asili hupata nafasi ya kurudi chini yake.

Baadaye, ili kuunganisha vipande vya msitu, wakulima wa iliki wa Derema, jirani na Amani, walilazimika kuyaacha mashamba yao na kulipwa fidia. Hapa tunapaswa kutua. Katika waraka Laudato si' wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko hakukitenga kilio cha dunia na kilio cha maskini. Kwa maoni yetu, si haki kuwaita wakulima wale wavamizi tu, ilhali iliki yao ilipata bei kwa kuwa sisi wa mijini tuliinunua.

Shamba la iliki lililoachwa halirudi kuwa msitu kwa mwaka mmoja wala kumi. Kwanza huota miti ipendayo jua. Ile ya msitu mkongwe husubiri hadi kivuli kirejee.