Nguruwe Mgeni Akae Pekee

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nguruwe aliyenunuliwa mnadani hastahili ukarimu wa haraka namna hiyo. Huyu atengwe walau siku 30 kabla ya kuchanganywa na wenyeji wa banda.

Mwishoni mwa mwaka 2010, homa ya nguruwe ya Afrika ilizuka Kyela, mkoani Mbeya, karibu na mpaka wa Malawi. Mwaka uliofuata virusi vyake vilithibitishwa hata Temeke, Dar es Salaam. Ugonjwa huu hauwapati binadamu, lakini huweza kuua karibu nguruwe wote wa banda. Kwa kaya nyingi za Mbeya na Iringa, nguruwe ndiye akiba ya ada ya shule na gharama za matibabu. Banda likiteketea, mgonjwa naye huchelewa kufika zahanati. Ndiyo maana jambo hili linamhusu pia mtumishi wa afya.

Kwa nini siku 30? Dalili huweza kujitokeza siku 4 hadi 19 baada ya maambukizi. Mnyama aliyeonekana mzima siku ya mnada huenda tayari amebeba virusi. Muda huo wa kutengwa hupita kipindi hicho na kubakiza siku za tahadhari.

Kibanda cha mbao au mianzi, mbali na banda kuu, kinatosha. Mgeni awe na ndoo, fagio na koleo lake. Wenyeji wahudumiwe kwanza, mgeni mwisho. Kisha mhudumu anawe, abadili nguo na asafishe mabuti. Dume aliyeazimwa na jirani kwa ajili ya kupanda naye huhesabiwa mgeni anaporejea. Makombo yenye nyama ya nguruwe yasilishwe kabisa.

Ukiona homa kali, kukataa chakula, wekundu wa masikio au kifo cha ghafla, mwite ofisa mifugo. Hapo ndipo kishawishi huwa kikubwa: kuchinja au kuuza upesi ili angalau kitu kiokolewe. Lakini nyama hiyo ndiyo inayoupeleka ugonjwa kijiji cha pili. Hasara ya mmoja hugeuka msiba wa wengi.

Kutenga kuna mpaka wake. Hakumwondolei nguruwe mbegu za tegu, na ulimi usioonyesha mbegu si uthibitisho wa usalama. Mtu akila nyama yenye mbegu isiyoiva vizuri, hupata tegu. Mayai yatokayo katika kinyesi chake, yakimezwa na mwingine, huweza kuishia ubongoni na kuleta kifafa. Kinga yake ni choo, mikono safi, nguruwe wa kufungiwa, na nyama iliyokaguliwa kisha ikapikwa ikaiva.

Kwa hiyo, mfugaji, kabla hujaenda mnadani, jenga kwanza kibanda cha mgeni.