Nani Aliuhitaji Umeme Zaidi?

Sogeeni, wanangu, sogeeni. Jana mmoja wenu aliniuliza: "Mjomba, umeme ukiondoka kabisa, tutaishije?" Swali tamu hilo! Aliyeuliza apewe kitumbua cha pili.

Hatuna haja ya kubuni jibu. Kisiwa cha Unguja kilikaa bila umeme miezi 3 hivi, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Tena mwaka 2008 kilikuwa kimeshaonja kiza cha karibu mwezi mzima.

"Kwa nini, mjomba?"

Kwa sababu Unguja hupata umeme wake kutoka Bara, kwa waya mnene uliolazwa chini ya bahari. Unatoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, unaibukia Fumba. Wa kwanza ulilazwa mwaka 1980.

"Na samaki hawapigwi shoti?"

Hahaa! Hawapigwi. Waya umevishwa nguo juu ya nguo, maji hayaingii na umeme hautoki. Lakini sasa fikirini kisima cha uani. Maji yamo, ndoo ipo, kamba ni moja tu. Kamba ikikatika? Maji mnayaona, kiu mnayo. Basi ndivyo ilivyokuwa. Bara umeme upo, Unguja taa zipo, hitilafu ikatokea upande wa Fumba, kamba imekatika.

Usiku mmoja wa kiza kile, vyombo vya nyumba moja ya mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, vikakusanyika ukumbini. Vikaanza kubishana: nani aliuhitaji umeme zaidi?

"Ni mimi!" akasema Taa. "Bila umeme mimi ni kigae tu." Chemli akacheka pembeni. Alikuwa amefutwa vumbi, ametiwa mafuta, amewashwa. Watoto wakasomea mwanga wake, macho yakiwawasha kwa moshi.

"Ni mimi!" akasema Friji. "Barafu imeyeyuka, samaki ananuka!" Kweli, maskini. Mvuvi asiye na barafu hana budi auze samaki wake siku ileile, au amtie chumvi amwanike juani.

"Ni mimi!" akasema Simu. Akabebwa hadi dukani kwenye jenereta, akalipiwa ili atiwe chaji. Majenereta yalinguruma Mji Mkongwe kutwa. Wenye mahoteli waliweza kununua mafuta yake. Wenye vibanda vya kunyoa, wengi wao hawakuweza.

Chungu alinyamaza. "Wewe je, Chungu?"

"Mimi? Niko juu ya seredani, makaa yanawaka. Umeme ulikuwapo lini jikoni kwangu?"

Vyote vikacheka. Ndipo sauti kavu ikatoka uani. Ni Mfereji, bomba la maji. "Nyinyi mnacheka. Mimi sina hata tone."

"Mjomba! Maji na umeme wapi na wapi?"

Umeuliza vizuri sana, tena hapo ndipo watu wazima wengi waliposhangaa. Unguja haina mito mikubwa. Mvua ikinyesha, maji hupenya kwenye mawe ya chokaa yakajificha chini. Huko visimani maji hayapandi yenyewe. Yanavutwa na pampu, na pampu inakula umeme. Hakuna umeme, hakuna pampu. Hakuna pampu, hakuna maji. Basi wanawake na watoto wakashika madumu, wakaenda kupanga foleni kwenye visima vya zamani. Mwenye mkokoteni wa madumu akawa mtu wa kutafutwa mtaa mzima.

Taa akainamisha kichwa. Friji akanyamaza. Hata Simu akanyamaza, jambo ambalo si la kawaida yake.

"Lakini zamani hakukuwa na umeme. Walikunywa nini?"

Nikupe na kitumbua cha tatu? Zamani Sultani Barghash alijenga njia ya kuleta maji mjini kutoka chemchemi za upande wa Bububu, na maji yalikuja yakiteremka yenyewe. Mji ulikuwa mdogo. Leo watu ni wengi, chemchemi peke yake haiwatoshi.

Mwezi wa Machi waya ukatengenezwa. Taa akawaka mara moja. Mfereji hakuwahi hivyo. Alikohoa kwanza, akatoa upepo, akatoa maji ya kutu, kisha ndipo yakaja meupe. Mwaka 2013 ukawashwa waya mpya wenye uwezo wa megawati 100, wakati ule wa zamani ulikuwa wa 45.

"Na Pemba, mjomba?"

Pemba haikuguswa na mkasa huu. Waya wao kutoka upande wa Tanga ulifika mwaka 2010, na kabla ya hapo walitegemea majenereta yao wenyewe ya dizeli. Siku hizo za kiza cha Unguja, Mpemba alikuwa na taa yake, na bili ya mafuta yake.