Alama zikipungua, usimpoteze mtoto

Kila mara matokeo ya KCSE yanapotangazwa, hupokea katika kliniki yangu wagonjwa wa aina moja. Mama huingia na kijana wake aliyetoka kumaliza Kidato cha Nne. "Daktari, kichwa kinamuuma, hali chakula na usiku halali." Napima malaria, hakuna. Napima damu, iko sawa. Mwishowe namwomba mama asubiri nje, na kijana ananiambia: "Nilitaka kuwa daktari. Nimepata C."

Ndugu msomaji, maumivu hayo si ya kujifanya. Huzuni na wasiwasi huweza kuleta maumivu ya kichwa, tumbo kusokota na moyo kwenda mbio. Vidonge vya maumivu peke yake havitamponya.

Dalili za hatari

Msichana mmoja aliyeletwa kwangu alikuwa amewagawia wadogo zake nguo na vitabu vyake vyote. Mama alidhani ni ukarimu. Nilipomwuliza waziwazi kama amefikiria kujiua, alilia, akasema ndiyo. Kumwuliza mtu swali hilo hakumwekei wazo kichwani, bali humpa nafasi ya kusema. Msichana huyo alitibiwa, na yu hai.

Ukiona mtoto anajitenga, hafurahii alichokipenda, au anasema yeye ni mzigo, usingoje. Hali hiyo ikizidi wiki mbili, mpeleke kwa daktari. Akitaja kifo, mpeleke siku hiyo hiyo, usimwache peke yake, na ufungie dawa zote, za binadamu na za wadudu. Usiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba.

Njia bado zipo

Akishatulia, mweleze ukweli. Kusomea shahada moja kwa moja kunahitaji gredi ya C+ au zaidi. Kwa udaktari hata hiyo haitoshi, kwa sababu waombaji hushindanishwa kwa alama za kundi la masomo manne, ambazo upeo wake ni 48. Anayejaza udaktari katika kila nafasi ya fomu, huku alama zake ziko chini mno, anajitafutia pigo la pili.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwenye C aliyefanya vyema katika Biolojia na lugha, na asiyeanguka Kemia, anaweza kuomba stashahada ya uuguzi au ya utabibu katika Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, KMTC. Stashahada ya utabibu ni miaka mitatu, kisha mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Afisa mmoja wa kliniki niliyefanya kazi naye alianza hivyo, akaendelea hadi shahada. Usiku ambao mimi nilikuwa mbali, ni yeye aliyewaokoa wagonjwa wangu.

Kurudia mtihani pia kunaruhusiwa. Hata hivyo, amua pamoja na mtoto, si kwa niaba yake. Anayerudia kwa kuogopa baba hurudi kwangu mwaka unaofuata na kichwa kile kile.

Kabla ya kulipa karo ya chuo chochote cha kibinafsi, uliza baraza la taaluma hiyo kama linakitambua. Cheti kisichotambuliwa hakimpi mtu leseni ya kutibu. Na anayekuahidi nafasi kwa "kitu kidogo" ni tapeli.

Mzazi, leo jioni usimwulize mtoto jirani alipata ngapi. Mwulize amelalaje, kisha umsikilize.