Begi la dharura: liwekwe wapi, na jirani akiliona?

Ukiishi Kitale, kuna maneno mawili hutaki mtu akusikie ukiyasema msimu wa kura: "Nimepaki begi." Hata kama unaenda tu kumwona nyanya, watu wa ploti watakutazama kwa jicho lingine. Huyu amesikia nini? Na mbona hakutuambia?

Agosti 2022, nchi nzima ikiwa imekodolea macho runinga ikisubiri matokeo ya urais, beste yangu anayeuza mitumba hapa mjini alibeba mabegi mawili hadi steji ya magari ya Bungoma. Mamake alikuwa mgonjwa, basi. Kufikia jioni hadithi ilikuwa imezunguka ploti yote, na asubuhi familia mbili zikabeba watoto zikaondoka. Matokeo yakatangazwa, mji ukabaki salama. Lakini kuna jirani ambaye hadi leo humsalimia kwa mbali.

Usiwacheke walioondoka. Huku watu hawaogopi vitu vya kubuni. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wengi wetu tukiwa nasari ama darasa la kwanza, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini na zaidi ya laki sita wakahama makwao. Uwanja wa maonyesho wa Kitale uligeuka kambi ya mahema, na Endebess pia kukawa na kambi. Upande wa Bungoma, Mlima Elgon ulikuwa umewaka tangu 2006. Mzozo wa ugavi wa mashamba ya Chebyuk ulizaa kundi la SLDF, mamia wakauawa na makumi ya maelfu wakahama vijiji vyao. Machi 2008 jeshi likaingia kwa Operesheni Okoa Maisha, ambayo nayo iliacha malalamiko mengi ya mateso.

Kwa hivyo swali la begi si la filamu za Marekani. Ni la hapa kwetu: uwe nalo ama usiwe nalo? Na ukiwa nalo, likae wapi?

Jibu langu ni hili: kuwa nalo, lakini lisiwe begi la kura. Liwe begi la mwaka mzima.

Tufikirie kidogo. Moto ukitokea kwenye ploti za mabati, hausubiri IEBC. Usiku wa kuamkia Novemba 23, 2019, milima iliporomoka Pokot Magharibi, kaskazini mwa Kitale. Zaidi ya watu 40 walikufa, na barabara ya Kitale hadi Lodwar ikakatika. Machi 2010, upande wa pili wa Elgon, Bududa nchini Uganda, maporomoko yalifukia watu wakiwa kwao. Mvua haikuuliza mtu kabila lake.

Wajapani wana mpango mzuri. Septemba 1 kila mwaka ni siku yao ya kujikinga na majanga, kwa kumbukumbu ya tetemeko la 1923. Ni siku ya mazoezi, na ya kukagua lile begi la nyumbani: maji yapo? Betri za tochi bado ziko sawa? Kwa sababu jambo lenyewe ni la kawaida, begi lako halimtishi jirani. Lakini begi linalotokea ghafla Julai ya mwaka wa uchaguzi ni kama tangazo. Linamwambia mtu wa mlango wa pili kwamba humwamini. Naye akishaanza kukushuku, tayari kuna kitu kimeharibika kabla hata kura moja haijapigwa.

Sasa, ndani kuwe na nini? Anza na karatasi. Kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, karatasi za shamba kama ni wewe unazitunza. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo cheti cha KCSE ndiyo karatasi kubwa kuliko zote nilizo nazo. Nguo utapata mtumba. Cheti kikiungua, jiandae kwa safari za ofisi na foleni. Weka zote kwenye faili ya plastiki isiyopitisha maji.

Pili, dawa. Mwaka wa 2008, wagonjwa wengi wa Ukimwi na kifua kikuu walikatiziwa dawa kwa sababu walikimbia bila kitu ama barabara zilifungwa. Kama nyumbani kuna mtu wa presha, sukari ama pumu, dawa za siku chache na kadi yake ya kliniki zikae tayari. Dawa ya kuhitaji baridi utaichukua wakati wa kutoka, kwa hivyo iandike kwenye karatasi na uibandike juu ya begi.

Tatu, pesa taslimu, noti ndogo ndogo. M-Pesa ni tamu hadi betri ife ama ajenti afunge. Ongeza tochi, chaja, maji, sodo, kitu cha kutafuna, na namba za simu zilizoandikwa kwa kalamu. Kuwa mkweli: namba ngapi unazijua kwa kichwa? Andika pia 1199 ya Msalaba Mwekundu. Kisha libebe uzunguke nalo ploti. Ukichoka kabla ya geti, punguza. Kumbuka huenda mkono mmoja umeshika mtoto.

Kuhusu mahali, sahau juu ya kabati na chini ya kitanda. Litundike kwenye msumari karibu na mlango, mahali unaweza kulifikia gizani, na kila mtu wa nyumba ajue lilipo. Lakini usiweke kila kitu mahali pamoja. Nakala za karatasi ziwe mji mwingine kabisa: wa Kitale amwachie wake Bungoma, na wa Bungoma afanye vivyo hivyo Kitale. Kumwachia mtu wa nyumba ya tatu hakusaidii, maana moto unaokufikia utamfikia. Piga picha pia, ujitumie kwa barua pepe, na nywila uikumbuke.

Mkubaliane pia mtakutana wapi mkitawanyika. Barabara ya Kiminini, Kamukuywa hadi Webuye ikifungwa, mtapitia wapi? Hilo swali lizungumzwe mezani leo, si kwenye simu yenye asilimia tatu.

Najua kuna wazee watakaosema kupaki ni kujiitia mabaya. Kwa heshima zote, wazee hao hao ndio waliotufunza tahadhari kabla ya athari. Na begi halichukui nafasi ya kutoka mapema: mlima ukianza kunguruma usiku wa mvua, toka, hata mikono mitupu.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Usingoje hadi mabango yapande. Paki sasa, likague kila Januari watoto wakirudi shule. Na jirani akiliona msumarini akuulize ni la nini, mwambie ukweli, kisha umuulize lake liko wapi.