Kadi ya Mmoja, Tiketi Mbili: Stahili za Abiria wa Hadhi ya Juu na Wasafiri Wenzake

Dada wawili, wafanyabiashara wa Kariakoo, wanarudi Dar es Salaam kutoka Guangzhou. Mkubwa ameifanya safari hii kwa miaka mingi na shirika lake la ndege limempa kadi ya dhahabu. Mdogo anasafiri kwa mara ya kwanza, na kwa kuwa fedha zake zilichelewa, tiketi yake ilikatwa wiki mbili baadaye na wakala mwingine. Ndege ni moja, saa ni moja, hata viti vyao vimekaribiana. Walipokuwa wakinunua bidhaa, mkubwa alimtuliza mwenziwe asihofu uzito, kwamba kadi ingewabeba wote wawili. Walipofika kaunta, mkubwa akapita na mabegi yake mawili bila neno. Mdogo akaambiwa alipie begi la tatu, papo hapo, ilhali pesa za China alikwisha kuzimaliza sokoni na nyuma yake kuna foleni ya watu wasio na subira.

Mfano huu tumeutunga ili usimguse mtu yeyote, ila mambo yaliyomo ni ya kila siku. Wengi huamini kwamba hadhi ya juu katika mpango wa wasafiri wa mara kwa mara ni kama mwavuli: anayeushika humfunika na aliye kando yake. Wakati mwingine ndivyo ilivyo. Mara nyingi sivyo, na tofauti hiyo huonekana kaunta, mahali ambapo abiria hana tena nafasi ya kupanga upya.

Stahili hufuata nini?

Kila stahili ya kadi ina kitu inachokifuata. Zipo zinazofuata jina la mwenye kadi peke yake. Zipo zinazomruhusu mwenye kadi kumkaribisha mgeni. Na zipo zinazofuata namba ya kumbukumbu ya safari, yaani ile namba ya herufi na tarakimu 6 ambayo shirika hutoa tiketi inapokatwa. Abiria akijua stahili anayoitaka imo katika fungu lipi, ameshajua nusu ya jibu.

Mzigo wa ziada karibu daima hufuata jina. Katika muungano wa Star Alliance, ambao Ethiopian Airlines ni mwanachama wake tangu mwaka 2011, mwenye hadhi ya dhahabu huongezewa kilo 20 pale mizigo inapohesabiwa kwa uzito, au begi moja pale inapohesabiwa kwa idadi. Nyongeza hiyo ni yake. Haigawanywi kilo 10 kwa 10, wala haihamii kwenye tiketi ya ndugu, hata kama ndugu huyo ameketi kiti cha pili. Kenya Airways imo katika muungano mwingine, SkyTeam, tangu mwaka 2010, na huko pia nyongeza ya mzigo humfuata mwenye kadi.

Ukumbi wa mapumziko una utaratibu tofauti, na hapa tiketi zilizokatwa mbalimbali hazina madhara makubwa. Mwenye dhahabu ya Star Alliance anaruhusiwa kuingia na mgeni mmoja, kwa sharti kwamba mgeni huyo anasafiri naye katika ndege hiyohiyo. Mlangoni kinachotazamwa ni kadi ya kupandia ndege; haiulizwi nani alikata tiketi ya nani. SkyTeam nayo humruhusu mwenye daraja lake la juu kuingia na mgeni mmoja wa ndege hiyohiyo katika safari za kimataifa. Katika muungano wa oneworld, ambao Qatar Airways ilijiunga nao mwaka 2013, mgeni lazima awe anasafiri kwa ndege ya shirika mwanachama, iliyouzwa kwa namba ya safari ya shirika mwanachama. Sharti hili la mwisho huwanasa watu, kwa sababu mashirika huuziana viti: ndege ni moja, lakini tiketi yako ina namba ya safari ya shirika jingine lisilokuwamo katika muungano. Emirates haimo katika muungano wowote kati ya hiyo mitatu, hivyo kadi yake isomwe kwa kanuni zake yenyewe.

Na mgeni mmoja ni mmoja. Baba mwenye kadi anayesafiri na mke na watoto wawili aulize mapema watoto wanahesabiwaje, maana kila ukumbi una msimamo wake.

Fungu la tatu ndilo linalowaumiza zaidi waliokata tiketi mbalimbali. British Airways, kwa mfano, humruhusu mwanachama wa daraja la fedha au la dhahabu kuchagua viti bila malipo kwa ajili yake na kwa wote waliomo katika namba yake ya kumbukumbu. Delta ya Marekani huwasamehe ada ya begi la kwanza wasafiri walio katika namba moja na mwanachama wake wa hadhi ya juu. Wasomaji wenye ndugu ughaibuni wanaopokewa na kusindikizwa kwa ndege za ndani huko wazingatie jambo hili. Ukiwa na namba yako mwenyewe, kwa mashirika hayo wewe ni abiria wa kawaida aliyetokea kumfahamu mwenye kadi.

Kuna pia foleni ya haraka kaunta na upandaji wa mapema. Mhudumu akiwaona mnafuatana, mara nyingi huwapitisha wote. Tunafurahi anapofanya hivyo, lakini abiria asijenge safari yake juu ya jambo hilo. Ukarimu wa mhudumu wa leo haumfungi mhudumu wa kesho.

Kuunganishiwa namba si kufanywa kitu kimoja

Wakala akielezwa tatizo hili hujibu kwa wepesi: “Nitawaunganisha.” Ni kweli anaweza. Huandika katika kumbukumbu ya kila mmoja wenu kwamba anasafiri pamoja na mwenye namba fulani. Maandishi hayo yana faida, lakini ni taarifa tu kwa mfanyakazi atakayefungua kumbukumbu hiyo. Hayabadilishi bei, hayahamishi mzigo, wala hayamfanyi mdogo awe ndani ya namba ya mkubwa. Abiria wengi huondoka dukani kwa wakala wakidhani wamepewa jambo la pili, kumbe wamepewa la kwanza.

Mifumo ya mashirika huruhusu kumtoa mtu mmoja katika namba ya pamoja na kumpa namba yake. Kinyume chake, yaani kuchukua tiketi mbili zilizokwisha kulipiwa na kuziweka chini ya namba moja, kwa kawaida hakiwezekani. Njia iliyobaki ni kufuta moja na kuikata upya, kwa nauli ya siku hiyo pamoja na ada za kufuta. Ndiyo maana uamuzi huu ni wa kabla ya malipo. Tena, waliokata pamoja wajue kwamba mmoja wao akibadili tarehe, namba hugawanywa, na aliyetoka huacha nyuma kila stahili iliyofuata namba ile.

Hatusemi kwamba kukata pamoja ni bora siku zote. Kiti cha bei nafuu kikiwa kimebaki kimoja tu, mfumo ukiombwa viti viwili huwatoza wote wawili bei ya juu, kwa kuwa unatafuta bei moja yenye viti vya kuwatosha. Katika hali hiyo anayekata kimoja kimoja huokoa fedha. Kinachotakiwa ni kupima: je, nilichookoa kinazidi begi nitakalolipia au viti nitakavyonunua? Gharama ya begi la ziada katika safari ndefu si ndogo, na kwa mashirika mengi huwa kubwa zaidi ikilipwa uwanjani kuliko ikilipwa mapema kwa njia ya intaneti.

Kuna hasara nyingine isiyohusu mizigo, nayo kwetu ni nzito kuliko zote. Ndege ikifutwa, mfumo huwapangia abiria safari mpya kwa kufuata namba za kumbukumbu, na wenye kadi mara nyingi hutangulizwa. Mama mzee anayekwenda kutibiwa India, asiyejua Kiingereza wala Kihindi, anaweza kujikuta amepangiwa ndege ya kesho wakati binti yake mwenye kadi amepewa ya usiku huo. Hapo ndipo yale maandishi ya kuunganisha yanapokuwa na thamani: mfanyakazi akiyaona, na abiria akisema waziwazi kwamba hawatengani, kwa kawaida hutafutwa njia ya kuwaweka pamoja. Huenda binti akalazimika kuiacha nafasi yake ya usiku. Kwa safari ya mgonjwa, mtoto au mzee, tunashauri tiketi zikatwe chini ya namba moja hata kama nauli itapanda kidogo.

Begi la mmoja kwa jina la mwingine

Turudi Guangzhou, kwani tatizo la dada wale lilikuwa na ufumbuzi. Mkubwa aliruhusiwa mabegi matatu na alikuwa na mawili. Kama wangefika kaunta kwa pamoja, kabla mkubwa hajapokelewa mizigo yake, begi la tatu la mdogo lingeandikwa kwa jina la mkubwa na wasingelipa kitu. Kadi isingegawanywa, begi ndilo lingehama. Baadhi ya mashirika huruhusu pia wanaosafiri pamoja kujumlisha uzito wao, pale mizigo inapohesabiwa kwa kilo. Jambo hili huulizwa kabla ya safari, na hata likikubaliwa, begi moja halipokelewi likizidi kilo 32.

Njia hii ina masharti yake. Mwenye jina kwenye kibandiko ndiye mwenye begi mbele ya sheria. Kilichomo ndani, kiwe kitenge au kitu kilichokatazwa, ataulizwa yeye, na forodha ya Dar es Salaam itamtaka yeye aeleze bidhaa hizo ni za nani na ameziingiza kwa ajili gani. Kwa ndugu mliofunga mizigo pamoja hilo linabebeka. Kwa mtu mliyekutana kwenye foleni, aliyeona kadi yako ya dhahabu na kukuomba umsaidie begi moja tu, jibu ni hapana, hata akikuita mama au kaka.

Begi likipotea, tatizo hubadilika sura. Tanzania na Kenya zimo katika Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaoweka kikomo cha fidia ya mizigo kwa kila abiria. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo hicho ni SDR 1,519, SDR ikiwa ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Kikomo ni cha abiria; hakiongezeki kwa idadi ya mabegi. Mabegi matatu yaliyoandikwa kwa jina la mkubwa yakipotea yote, shirika litaanza kwa kumhesabia yeye kikomo kimoja, na mdogo atakuwa na kazi ya kuthibitisha kwamba mali yake ilikuwamo. Kwa hiyo bidhaa za thamani kubwa zibaki katika begi la mwenyewe, na lile linalohamishwa liwe la vitu ambavyo mtu anaweza kuvipoteza bila kuanguka kibiashara. Piga picha za vilivyomo, na tunza risiti za manunuzi kwa jina la aliyenunua.

Malalamiko ya begi lililoharibika hupelekwa kwa shirika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kulipokea, na ya begi lililochelewa ndani ya siku 21 tangu lilipokabidhiwa. Mwenye kuandika ni yule ambaye jina lake limo kwenye kibandiko.

Kabla ya kulipa

Mwulize wakala swali moja mahususi: je, msafiri mwenzangu atakuwa ndani ya namba yangu ya kumbukumbu, au tutaunganishwa kwa maandishi tu? Akisema ni kuunganishwa, uliza stahili ipi itapotea. Kanuni za kadi hubadilika, hivyo zisome katika tovuti ya shirika katika juma lile unalokata tiketi, wala usitegemee alivyokueleza mwenzako aliyesafiri mwaka jana. Hakikisha namba ya uanachama imeingizwa katika tiketi ya mwenye kadi, na kwamba jina la kwenye kadi linalingana na la pasipoti. Usiiweke namba hiyo kwenye tiketi ya ndugu ili naye apate nafuu: majina hayatalingana, na shirika linaweza kuifunga akaunti pamoja na maili zote zilizokusanywa kwa miaka.

Ahadi yoyote ya mfanyakazi wa shirika kwamba begi au kiti cha mwenzako kitashughulikiwa, iombe kwa barua pepe au kwa ujumbe wa simu, na uuoneshe kaunta. Ukitozwa kinyume cha ahadi hiyo, lipa ili usikose ndege, dai risiti yenye maelezo ya malipo, kisha andika kwa shirika ukiambatisha ujumbe ule. Shirika lisipokujibu au likikataa bila sababu, lete nakala za tiketi zote mbili, risiti na mawasiliano yenu kwetu.